Mjusi feruzi wa Kimboza: siri ilifichwa kwa nani?

Ukitoka Morogoro mjini kwa njia ya Matombo, ukaizunguka milima ya Uluguru hadi upande wake wa mashariki, unafika msitu wa Kimboza. Ni mdogo mno, kilomita za mraba 4 hivi, na kwenye ramani ya Tanzania huuoni mpaka uoneshwe kwa kidole. Ardhi yake ni mawe ya chokaa yaliyochongoka na kupasukapasuka. Juu ya mawe hayo umeota mti unaoitwa kitaalamu *Pandanus rabaiensis*, ndugu wa ule mkadi wa pwani ambao maua yake hutiwa kwenye nguo ili zinukie. Nitauita mkadi tu. Majani yake ni marefu kama upanga, yana miba pembeni kama meno ya msumeno, na yamejipanga kwa mzunguko kileleni. Kwenye makwapa ya majani hayo maji ya mvua hutuama.

Humo makwapani anaishi mjusi mmoja ambaye ukimshika, mkia na vyote, hazidi kidole chako cha kati. Dume ni buluu ya feruzi, tumbo lake la rangi ya chungwa, koo lina michirizi myeusi. Jike ni wa shaba, mara nyingine wa kijani, na mtu asiyemjua atampita bila kugeuka. Dume hushika mkadi wake na kuukalia pamoja na jike mmoja au zaidi na watoto. Wataalamu humwita *Lygodactylus williamsi*. Mimi nitamwita mjusi feruzi.

Kila unapozuka mjadala wa kuficha au kutoa habari za mahali walipo wanyama adimu, namkumbuka huyu, maana kisa chake kinakataa kukaa upande wowote. Wanaosema "ficha kila kitu" wana hoja ndani yake, na wanaosema "weka wazi" wana hoja nzito zaidi. Naona pande zote mbili hukosea kwa kuanza na swali la data, wakati swali la kwanza ni la watu.

Miaka 50 kwenye rafu

Mjusi huyu aliandikwa kisayansi mwaka 1952 na Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao wa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Desturi ya sayansi inataka anayetangaza kiumbe kipya aseme amepatikana wapi, naye akasema: msitu wa Kimboza, chini ya Uluguru. Hapakuwa na siri wala mtu aliyedhani siri inahitajika. Ukurasa ule ukakaa kwenye rafu za maktaba kwa miaka 50 na zaidi, na mijusi wakakaa kwenye mikadi yao.

Kwa hiyo yaliyotokea baadaye hayawezi kubebeshwa chapisho lile peke yake. Mahali palijulikana siku zote. Kilichokuja baadaye ni soko, pamoja na intaneti ya kuliunganisha soko hilo na msitu.

Miaka ya 2000 ilipoanza, Ulaya na kwingineko kulikuwa na watu wengi wanaofuga mijusi, nyoka na vyura nyumbani ndani ya masanduku ya kioo yenye taa na majani. Mjusi feruzi alikuwa kama ameumbwa kwa ajili ya sanduku la namna hiyo. Ni mdogo, hajifichi mchana, anakula vidudu, na rangi yake inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Wafanyabiashara wakampa jina lenye maana ya buluu ya umeme. Jina la Kimboza halikuwahusu.

Mijusi 19 kwa siku

Watafiti wakiongozwa na Morris Flecks walikwenda Kimboza kuhesabu, na mwaka 2012 wakachapisha walichokipata. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa msituni mijusi wasiopungua 32,310, na huenda walifika 42,610. Hiyo ni kama asilimia 15 ya mijusi wote waliokuwepo wakati huo.

Igawanye ile namba ya chini kwa siku za kipindi hicho. Unapata mijusi 19 hivi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa zaidi ya miaka minne na nusu, tena kwa kundi moja.

Asilimia 15 inaweza kuonekana si balaa. Lakini ukumbuke mkadi. Mti wenye miba vile haupandiki, na mjusi yuko kileleni. Njia ya mkato ni panga: kata mti, uanguke, mfuate mjusi chini. Aliyekata ameuza mijusi wanne au watano na ameondoa nyumba ambayo kizazi kingine kingeirudia. Hesabu ya mijusi waliouzwa haikuonyeshi hasara hiyo hata kidogo. Ongeza na msedrela, mti wa kigeni kutoka Amerika ya kitropiki, ambao uliletwa kupandwa na sasa umesambaa Kimboza kama magugu, ukiichukua nafasi ya miti ya asili. Mkadi ulioanguka haurudishiwi nafasi yake kwa urahisi.

Je, sheria ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Kimboza ni hifadhi ya msitu, huwezi kuingia na kutoa viumbe kwa hiari yako, na Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumsafirisha mjusi huyu nje. Lakini hebu jiweke kwenye kiti cha ofisa wa forodha. Mbele yako kuna boksi la mijusi wadogo kwenye vikopo vya plastiki, na karatasi inasema ni mijusi wa kawaida wa jenasi hiyohiyo. Jike ni wa shaba. Hujawahi kuoneshwa picha ya dume wala jike wa Kimboza, na kwenye orodha yako ya viumbe wanaolindwa kimataifa jina lake halimo. Utagonga muhuri. Na mzigo ukishatua Ulaya, hadi mwisho wa mwaka 2014 hapakuwa na sheria ya biashara ya wanyamapori iliyomtaja kule mjusi huyu.

Nani alikuwa hajui?

Hapa ndipo kisa kinapopasuka. Panga watu wote waliohusika na umwulize kila mmoja alijua nini. Mkusanyaji anaujua msitu mti kwa mti. Dalali anamjua mkusanyaji, mnunuzi wa nje anamjua dalali. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji ramani ya mtafiti. Wasiojua ni ofisa wa forodha, mwanasheria wa wizara, mjumbe wa mkutano wa kimataifa anayepiga kura juu ya kiumbe asichowahi kukisikia, na mfugaji wa Ulaya aliyenunua kwa nia njema akidhani amezaliwa kwenye sanduku la kioo.

Yaani upande wa uharibifu ulikuwa na habari zote, na upande wa ulinzi ulikuwa gizani. Mtu akija wakati huo na kusema "tufiche mahali alipo mjusi huyu", angekuwa anawafungia mlango wenye nyumba huku mwizi yuko ndani tayari.

Ndiyo sababu chapisho la 2012 lilikuwa muhimu. Lilitaja msitu kwa jina, likatoa idadi, likaeleza jinsi mijusi wanavyokamatwa. Mwaka huohuo spishi iliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile. Desemba 2014 Umoja wa Ulaya ukaanza kudhibiti uingizaji wake. Kisha Tanzania na Umoja wa Ulaya wakapeleka pendekezo la pamoja kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, na mjusi feruzi akaingizwa Kiambatisho cha Kwanza, wanakowekwa viumbe ambao waliotoka porini hawaruhusiwi kabisa kuuzwa kati ya nchi na nchi. Uamuzi ukaanza kazi Januari 2017. Bila namba zile, na bila jina la Kimboza kando yake, pendekezo lingesimama juu ya nini?

Nasema haya nikijua kuna hoja kinyume, nayo ni nzito. Mwaka 2017 David Lindenmayer na Ben Scheele wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia waliwaonya wanasayansi wenzao katika jarida la *Science* wasichapishe ovyo mahali walipo viumbe adimu. Walikuwa wameona wenyewe: baada ya kumbukumbu za mjusi mmoja asiye na miguu kuwekwa kwenye kanzidata ya umma, watu wasiojulikana wakaanza kuvamia mashamba ya watu kumtafuta. Kabla yao kulikuwa na kobe wa shingo ndefu wa kisiwa cha Roti, Indonesia. Alitangazwa kuwa spishi mnamo 1994, na wafanyabiashara wakamkimbilia mpaka akakaribia kuisha. Huko chapisho ndilo lililomfundisha mwizi njia.

Nyoka aliyefichwa

Mfano mzuri wa kuficha kwa haki tunao hapahapa nchini. Mwishoni mwa 2011, Michele Menegon, Tim Davenport na Kim Howell walitangaza nyoka mpya wa jamii ya vipiri wa miti, nyoka wenye sumu, *Atheris matildae*, mweusi na manjano, mwenye magamba yaliyosimama juu ya macho kama vipembe. Walimpa jina la binti wa mmoja wao. Mahali wakasema ni kusini mwa Tanzania, basi. Msitu wenyewe hawakuutaja, na walieleza wazi kwamba ni kwa hofu ya wanaouza nyoka wa kufugwa. Pia wakaanzisha kikundi kidogo cha kuzalishwa wakiwa wamefungwa, ili soko likija na njaa yake lisianzie porini.

Tofauti na mjusi feruzi ni ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa vitendo. Nyoka yule alikuwa hajaingia sokoni. Mtu pekee ambaye tangazo lingemwongezea kitu alikuwa mnunuzi. Kwa hiyo siri ilikuwa inamnyima habari mtu sahihi. Kimboza maji yalikwisha mwagika tangu 1952, na yakimwagika hayazoleki.

Ukungu ambao hauzibi kitu

Wengi tukisikia "linda data" tunafikiria ufundi: punguza desimali, sogeza nukta, weka ukungu. Ufundi huo una maana, lakini ni lazima ujue unapima nini. Katika namba za GPS zinazoandikwa kwa digrii, desimali ya kwanza inakuweka ndani ya kilomita 11 hivi. Ya pili inakuleta kwenye kilomita moja, ya tatu kwenye mita 110, ya nne kwenye mita 11, ya tano kwenye mita moja. Simu ya kawaida huandika desimali sita bila kuombwa. Kwa mjusi anayekaa kwenye mti wake mmoja, desimali tano ni anwani ya nyumba.

Mtandao wa iNaturalist, ambao watu hupandisha picha za viumbe walivyoviona, huficha mahali pa spishi zilizo hatarini kwa kuitupa nukta popote ndani ya kisanduku cha digrii 0.2 kwa 0.2, karibu kilomita 22 kila upande. Kwa tembo au tai hiyo inatosha kumchosha mtu. Kwa mjusi feruzi haifichi chochote: ndani ya kisanduku hicho upande wa mashariki wa Uluguru, mkadi juu ya chokaa uko Kimboza, na vipande vya jirani kama Ruvu. Anayetafuta anahitaji picha tu yenye jani la msumeno nyuma yake.

Na kuchelewesha je? Ni dawa ya wanyama wanaotembea. Mwaka 2013 India, mtu alijaribu kufungua barua pepe iliyokuwa ikipokea mahali alipo simbamarara aliyefungwa kola katika hifadhi ya Panna. Jaribio likatokea Pune, mamia ya kilomita kutoka hapo, na mfumo ukalizuia. Mahali pa simbamarara panaoza haraka. Ukitoa baada ya miezi sita, umetoa historia. Lakini dume wa feruzi haendi popote. Namba ya mkadi wake ya mwaka jana bado inafaa leo, labda mkadi uwe umekatwa.

Niliwahi kukaa kwenye ukumbi ambamo mtoa mada alitandaza ukutani ramani ya spishi moja adimu, kila nukta mahali pake, saa na tarehe pembeni. Alikuwa mtu mwema, anaonyesha kazi yake. Simu zikainuka, karibu nusu ya ukumbi, kama inavyofanyika siku hizi kwa kila slaidi. Hakuna aliyeuliza ramani zile zinakwenda wapi, nami sikuuliza. Barua ya makubaliano ya data ilikuwa imesainiwa miezi mitatu kabla, ina kurasa tisa.

Nini basi cha kufunga Kimboza

Jina la msitu liko wazi, na liache liwe wazi. Idadi ya jumla na mwelekeo wake, kama inapanda au inashuka, iwe wazi pia, kwa sababu ndiyo silaha ya mwanasheria na mjumbe wa CITES. Picha za dume, jike na mtoto zisambazwe kwa makusudi, zibandikwe hata ukutani forodha ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Hapa kubana habari ni kumsaidia msafirishaji. Tangu Mei 2016 serikali ilipofunga usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, baada ya kisa cha tumbili waliokamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ofisa wa forodha ana kazi rahisi kidogo: mjusi yeyote hai kwenye boksi anastahili swali. Lakini katazo la serikali linaweza kulegezwa, na mwaka 2022 lilitangazwa kulegezwa, kisha tangazo hilo likasimamishwa ndani ya siku chache. Macho yanayomjua mjusi hayalegei kwa tangazo.

Cha kufunga ni kingine kabisa. Kwanza ni zile desimali tano: mikadi iliyowekewa alama, viwanja vya kuhesabia, na hasa vipande vyenye mijusi wengi. Mkusanyaji mzoefu anavijua vingi, lakini si vyote, na mgeni havijui hata kimoja. Pili, na hili husahaulika sana, ni ratiba. Doria hupita siku zipi, kwa njia ipi, kamera ziko wapi. Nimeona jedwali la mijusi likiwa limefungwa kwa nenosiri huku ripoti ya doria, yenye nyakati na njia, ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp la watu 60. Kama ningekuwa mwizi ningeiacha ile ya mijusi.

Tatu ni majina ya watu. Watafiti huhesabu kwa kuzungumza na wanavijiji, na baadhi ya hao waliwahi kukamata mijusi wenyewe. Daftari lenye jina la aliyesema "tulikuwa tukiuza kwa fulani" ni hatari kwa mtu huyo kuliko ramani yoyote ilivyo hatari kwa mjusi. Katika mijadala ya data za wanyamapori sijasikia likitajwa mara nyingi, nalo kwangu ni la kwanza.

Lakini kufunga si kuzika. Wanaong'oa msedrela na kupanda mikadi mipya wanahitaji kujua mikadi iliko, la sivyo watakata pasipostahili. Wakala wa Huduma za Misitu unahitaji ramani kamili, si yenye ukungu. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, inahitaji data ghafi ili mtafiti wa mwaka 2040 asianze upya. Kinachofaa ni nakala mbili: moja kamili, inayokaa kwa taasisi yenye wajibu na mtu mwenye jina anayejibu maombi, nyingine ya umma, yenye msitu, mwaka na idadi. Kwa Tanzania nakala ya umma ina pa kupitia, kupitia TanBIF, kituo cha taifa cha taarifa za bioanuwai kilicho chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ugumu ni ile ya kwanza, kwa sababu mara nyingi mtu mwenye jina huyo anahamishwa kituo au anastaafu, na nakala inabaki kwenye kompyuta mpakato yake.

Wanaoishi kando ya msitu ndio walinzi wa kwanza, na hao huwezi kuwaficha msitu wao wenyewe. Unaweza tu kuwaambia ukweli: mjusi huyu hayupo popote pengine duniani isipokuwa hapa kwenu na vipande vya jirani, aliyenunua kwa shilingi zenu aliuza kwa fedha za kigeni mara nyingi zaidi, na sasa kumbeba kuvuka mpaka ni kosa katika nchi karibu zote. Kijana akijua hilo, gari lenye namba ngeni likiegeshwa saa kumi na moja alfajiri kando ya barabara ya Matombo, anajua ampigie nani.

Maombi ya viwianishi, yaani zile namba za GPS, huja kwa barua pepe, yameandikwa vizuri: mwanafunzi, tasnifu, muhula unakwisha, tafadhali. Siku hizi mimi humwuliza mwombaji mambo mawili kabla ya lolote. Kazi yako inashindwa wapi nikikupa desimali mbili badala ya tano? Na ni nani pale kijijini anajua kwamba unakuja? La kwanza hujibiwa kwa aya ndefu. La pili wengine hulijibu palepale, kwa jina la mtendaji na namba ya kibali cha utafiti, nami huwapeleka kwa mwenye nakala kamili. Wengine hawaandiki tena.